Mshipa wa Kumi wa Tiya

Watu wa mtaa wa Chechelesi walimjua Tiya kwa ubishi wake kabla hawajamjua kwa jina. Alitoka Merti akiwa bibi harusi, akaletwa Isiolo mjini kwa boma la mama mkwe wake, Qabale, yule mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni na ambaye hakuna mtu anamdanganya kipimo. Tiya akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Jaldesa. Mtoto alipoanza shule, mama yake naye akasema anarudi shule. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke mzima, na makubazi yake ya plastiki, akae darasani na wasichana ambao hata chai hawajui kupika! Yeye akajifunga mtandio. Alienda. Tena hakwenda kujifunza kushona. Alienda chuo cha utabibu, kule wanakofundisha watu kuwa madaktari wa kliniki.

Akaenda vizuri, akaenda vizuri, halafu akaanguka mtihani mmoja. Ulikuwa mmoja tu, lakini ndio huo wenye mifupa: mishipa ya fahamu ile wanaita neva, figo, na kinga ya mwili, vyote vimefungwa kwa kamba moja, na unaulizwa kwa mdomo, uso kwa uso na daktari. Chuo kikamwambia, unarudia. Lakini unarudia mara moja. Ukianguka tena, koti jeupe unalivua, unaenda nyumbani kuosha mitungi ya maziwa, na hakuna mlango mwingine.

Mume wake, Umuro, dereva wa lori la mbuzi, alipoambiwa habari hiyo aliinua mabega tu, akayashusha. Umuro ni mtu wa kujibu kwa mabega. Furaha ni mabega, hasira ni mabega.

"Hiyo inamaanisha nini?" Tiya akamuuliza.

"Inamaanisha utapita," akasema, akapanda lori lake.

Sasa usifikiri Tiya hakuwa amesoma. Alikuwa amesoma mpaka macho yakawa mekundu. Shida ni kwamba alisoma kama mtu anayejifunza wimbo wa harusi. Ukimwacha aimbe, anaimba mpaka mwisho. Ukimkata katikati umuulize kitu, amepotea, lazima arudi mwanzo. Na daktari wa mtihani kazi yake ni kukata watu katikati.

Aliyemtoa huko ni Kowsar, msichana Msomali aliyekaa naye benchi moja. Babu wa babu yake Kowsar aliletwa na Mzungu kuwa askari, na wajukuu sasa ni watu wa malori na maduka. Kowsar alikuwa mdogo sana kwa Tiya na mdomo wake mkubwa sana kuliko umri wake. Alikuja nyumbani mchana mmoja, wakakaa kwenye kivuli cha jiko la mabati, Tiya akafungua kitabu, akaanza kuimba ule wimbo wake.

"Abaayo, dada yangu, ngoja, ngoja," Kowsar akasema. "Wewe unasoma vibaya."

"Nisome na nini? Na miguu?"

"Sikia. Mimi kabla sijajua kuandika jina langu, nilijua babu zangu wote. Niamshe usingizini, nimwagie maji, nitawataja mmoja mmoja na hakuna atakayepotea. Kwa nini? Kwa sababu ni watu. Hiyo mishipa yako si watu, ni maneno ya Wazungu. Ifanye watu."

"Nimgeuze babu ya watu awe mshipa?"

"Amekufa. Atakushtaki wapi?"

Tiya alicheka, lakini lile neno likamwingia. Yeye kila siku alikuwa akimfundisha Jaldesa ukoo wa baba yake, kwa sababu mtoto wa kiume wa Kiborana asiyejua ametoka wapi ni aibu kwa mama yake. Akahesabu kwa vidole. Kutoka yule mzee wa mbali kabisa mpaka kwa Jaldesa mwenyewe, ni watu kumi na wawili. Na mishipa inayotoka kichwani, ni kumi na miwili. Akamtazama Kowsar. Kowsar akamtazama.

"Wallahi," akasema Kowsar, "Mungu mwenyewe anataka upite."

Wakaanza na mzee wa mbali, wakashuka, kama vile mishipa yenyewe inavyoanzia mbele ya ubongo ikishuka. Mzee wa kwanza, inasemekana, alikuwa akinusa mvua kabla wingu halijaonekana. Akapewa mshipa wa pua. Wa pili alimwona ngamia aliyepotea kutoka mlima hadi mlima. Akapewa mshipa wa jicho. Wengine wakapewa kazi zao, mwingine wa kutafuna, mwingine wa kukunja uso, mwingine aliyekuwa na masikio ya paa. Wa kumi na moja alikuwa Umuro. Walipofungua kitabu kuona mshipa wa kumi na moja unafanya kazi gani, wakakuta ndio unaoinua mabega. Kowsar alilala chini kwa kicheko.

"Na wa kumi na mbili, Jaldesa?"

"Ulimi!"

"Basi hata kitabu kinamjua."

Kuanzia siku hiyo Tiya akaanza kutembea kifua mbele. Figo nalo akalipata hapo hapo nyumbani. Idd ilikuwa imekaribia, na Qabale akasafisha nyumba yake vile anavyoisafisha kila mwaka. Yeye hachagui uchafu ndani. Anatoa kila kitu nje, magodoro, masufuria, Kurani imefungwa kitambaa, viatu visivyo na mwenzake, takataka, vyote vinamwagwa uani. Halafu anasimama mlangoni na kurudisha ndani kile anachotaka, kimoja kimoja. Kinachobaki uani ndio uchafu, kinaenda. Tiya akasimama na ufagio mkononi, mdomo wazi. Ndivyo figo linavyofanya! Linamwaga maji ya damu nje na vitu vyake vyote vidogo, sukari, chumvi, halafu kwenye ile mifereji yake linarudisha kile mwili unachohitaji. Kinachobaki ndio mkojo.

"Umeona nyoka?" Qabale akamuuliza.

"Nimeona figo, Ayyo, mama yangu."

"Shika godoro, figo litangoja."

Kinga ya mwili ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu nani Isiolo hajui chapa? Ngamia akipita, unaangalia chapa ya moto shingoni au pajani, unajua wa kwetu au wa watu. Askari wa mwili nao ni hivyo hivyo. Wanapita wakisoma chapa. Ya kwetu, pita. Ya kigeni, piga. Na ukiona mwili unajishambulia wenyewe, basi ni kama mchungaji aliyeona tope limefunika chapa ya ngamia wake mwenyewe, akamkimbiza na rungu.

Mambo yakawa matamu namna hiyo mpaka siku ya mazoezi darasani. Wanafunzi walikuwa wakiulizana wenyewe kwa wenyewe. Tiya akasimama, akataja mishipa ya kichwa bila kitabu, haraka, sauti imenyooka, akamaliza, akakaa na kujirekebisha mtandio kama malkia.

Abdiladif, kijana mmoja mchekeshaji wa nyuma ambaye naye alikuwa akirudia, akainua mkono.

"Mama Jaldesa, mgonjwa wako hana mshipa wa kumi. Tumzike, au tumngoje kidogo?"

Wakaangua kicheko. Tiya akasema nimeitaja yote. Wakasema hapana. Akasema nimetaja! Alikuwa tayari kuapa. Akarudia, na tena alipofika wa tisa akavuta pumzi kidogo, akaingia wa kumi na moja. Moyoni mwake alikuwa ametaja kumi na mbili kamili. Kila mtu alisikia kumi na moja, isipokuwa yeye.

Kowsar ndiye aliyegundua. Walikuwa wakitembea kurudi nyumbani, akamwambia, "Rudia polepole. Hapo. Hapo unaposimama. Unamngoja nani?"

Tiya akasimama katikati ya njia. Alijua anamngoja nani.

Kwa Waborana, mke hatamki jina la baba mkwe. Jina la mume siku hizi watu wanalitaja, dunia imechakaa, lakini la baba mkwe halitamkwi, awe hai, awe kaburini. Hata kama mwenye duka ana jina hilo hilo, mke atasema "yule wa sukari." Na wa kumi kwenye ule ukoo alikuwa baba yake Umuro, mzee wa Qabale. Kila siku alipomfundisha mtoto, Tiya alipofika hapo alinyamaza, Jaldesa akalitaja jina kwa sauti, na mama akaendelea. Sasa hata mbele ya watu wa chuo, ulimi wake ulifika hapo, ukaweka adabu, ukamngoja mtoto aliyekuwa shuleni kwake. Na mshipa ulipokaa kwenye kiti cha yule mzee, nao ukapata heshima yake. Haukutamkika.

"Basi badilisha ukoo," Kowsar akasema. "Chukua wa kwetu, nina babu wa kutosha kuuza."

Tiya akajaribu, lakini wapi. Wale wazee walikuwa wameshakaa kwenye viti vyao na hawakutaka kuinuka. Siku ya mtihani ilikuwa imebisha hodi. Ikabaki mlango mmoja tu, na huo mlango ulikuwa na mwenyewe, naye jina lake Qabale.

Alimkuta sokoni akimimina maziwa kutoka mtungi hadi mtungi. Qabale hakungoja aanze.

"Kaa. Nimekuwa nikitaka kukuuliza. Kila mchana nakusikia unahesabu watu wa nyumba yangu. Wote unawataja, hata yule aliyeiba kisima cha wenyewe. Mzee wangu unamruka. Alikukosea nini?"

"Hakunikosea, Ayyo. Ni heshima."

"Heshima naijua. Nani alikufundisha kama si mimi?"

"Ndiyo maana nimekuja." Tiya akakaa chini. "Niruhusu nilitaje hilo jina. Niulegeze ulimi tu, siku ya mtihani. Nisipoweza, wananitoa chuoni."

Qabale akaweka mtungi chini.

"Hapana."

"Ayyo..."

"Hapana, nimesema. Mimi mwenyewe sijalitamka tangu niolewe, na nilizaa naye. Nilimzika bila kulitamka. Leo wewe ulitamke mbele ya daktari kwa sababu ya mshipa? Mshipa wenyewe wa nini?"

Tiya alikuwa na hasira, na kwa hasira akamwambia wote, bila kuvuta pumzi. "Unatoka kichwani, unapita kooni, unashika sauti na kumeza. Halafu haukai. Unashuka kifuani, unautuliza moyo usikimbie. Unafika mapafuni. Unaenda mpaka tumboni, unakoroga chakula. Mishipa mingine yote inafanya kazi karibu na nyumbani. Huo mmoja ni msafiri, hata jina lake la kitabu maana yake ni mzururaji."

Qabale akaanza kucheka, kicheko cha chini kwa chini kinachotikisa mabega kabla hakijafika mdomoni.

"Na mlimjulia wapi mzee wangu, nyinyi watu wa chuo? Ukimtafuta kule Gotu, amelala Merti. Ukifika Merti, ameshavuka mto. Na sauti! Akiita ngamia upande huu wa mto Ewaso, wale wa upande ule wanainua shingo. Wezi wa mifugo walipokuja, watu wote wakakimbia na yeye akainama kufunga kamba za viatu, polepole, kama mtu anayeenda sherehe. Moyo wake haukuwa na haraka. Na akishiba, tumbo lake lilikuwa likizungumza na wageni."

Akafuta macho kwa ncha ya shuka. Sauti ikashuka.

"Lakini mwisho sauti ilimwacha. Unakumbuka? Yule mtu wa kuita ngamia ng'ambo ya mto, akawa ananong'ona kama mwizi. Maji ukimpa, yanatokea puani. Wewe mwenyewe ulikuwa unashika kikombe. Watu wakasema ni jini, wakasema ni kijicho."

Mikono ya Tiya ilikumbuka kile kikombe. Alikuwa bibi harusi mgeni, akimnywesha mzee uji kwa kijiko, akimfuta pua, haogopi wala hajui. Sauti imekwenda. Kumeza kumekwenda. Maji yanarudi puani.

"Ayyo," akasema. "Haikuwa jini. Ulikuwa ni huo mshipa. Wa kumi."

"Huo huo?"

"Huo huo."

Qabale akautazama mtungi wake, akaufunika, akaufunua, akaufunika tena. Alipoongea ilikuwa ni ile sauti yake ya sokoni, isiyopunguza kitu.

"Basi sikiliza. Jina halitamkwi. Hilo limekwisha. Lakini kazi yake hakuna aliyeikataza. Ukifika kwake, usimruke kama shimo. Simama hapo, useme alichokuwa akifanya, chote, mpaka huyo daktari achoke. Sasa nipishe, nina wateja."

Siku ya mtihani Tiya alivaa koti lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Daktari aliyemhoji alikuwa Bedan, Mmeru mnene wa sauti ya taratibu, mtu anayejulikana kwa kuuliza swali huku anatabasamu. Watu waliliogopa hilo tabasamu.

"Karibu, mama. Tumeonana mwaka jana, au siyo?"

"Tulionana, daktari. Haikuwa siku yangu."

"Tuone leo ni ya nani. Nitajie mishipa ya fahamu ya kichwa, kwa mpangilio."

Tiya akaanza. Mzee wa mvua, mzee wa ngamia aliyepotea, moyoni aliwaona wakipita na mdomoni yakatoka majina ya kitabu. Akashuka, akashuka. Akafika wa tisa. Pumzi ikasimama. Lile shimo likafunguka mbele yake, na ulimi ukawa tayari umeinua mguu kuruka.

Daktari Bedan akainua kalamu.

Tiya hakuruka. Alikaa pale pale. Kiti cha daktari kikalia. Akamwona mzee amesimama ukingoni mwa Ewaso, kichwa nyuma, akiita.

"Wa kumi ni msafiri," akasema. "Vagasi. Huo ndio unaoshika sauti, na kumeza. Ukiumia, sauti inakwaruza au inakuwa ya kunong'ona, na maji yanarudi puani. Ukimwambia mgonjwa afungue mdomo aseme aaa, upande mgonjwa wa kaakaa hauinuki, na kile kilimi cha ndani kinavutwa kwenda upande mzima. Halafu unashuka kwenye moyo, unaupunguza mwendo. Unaenda mapafuni, unaenda tumboni, kwenye utumbo..."

"Basi, basi," daktari akasema. "Mimi nimeuliza jina tu."

"Jina ndilo lililonisumbua, daktari. Kazi naijua sana."

Akamaliza wa kumi na moja na wa kumi na mbili kama mtu anayeteremka mlima. Bedan akaandika kitu. Tabasamu likapanuka, sasa anakuja kumkata.

"Twende kwa figo. Figo linachagua uchafu kwenye damu, linautoa. Siyo?"

"Siyo."

"Siyo?"

"Hivyo ulivyosema sivyo, daktari. Mwanzoni halichagui. Linamwaga nje maji na vitu vyote vidogo, vizuri na vibaya. Vikubwa, kama chembe za damu na protini, ndivyo vinabaki ndani, haviingii mlangoni. Kuchagua kunakuja baadaye, kwenye mifereji, linaporudisha vizuri ndani. Na mtu akiwa na kiu, linarudisha maji mengi zaidi, mkojo unakuwa kidogo na rangi yake inakolea."

"Unaniambia nimekosea?"

"Naliambia swali lako, daktari. Wewe nakuheshimu."

Bedan alikohoa, lakini kikohozi kilikuwa na kicheko ndani. Akatupa la mwisho, lile zito, lililobeba figo na kinga pamoja. "Mtu amepewa figo la ndugu yake. Figo ni zima kabisa. Mwili unalikataa. Kwa nini?"

Tiya akataja majina ya kitabu, seli hizi na seli zile, yote kwa mpangilio. Akaona daktari bado anamtazama, akamwongezea.

"Chapa, daktari. Figo ni zuri lakini lina chapa ya boma lingine. Askari wa mwili hawaulizi lilitolewa kwa upendo au liliibwa. Wanasoma chapa, wanapiga. Ndiyo maana mgonjwa anapewa dawa ya kuwalegeza hao askari. Na wakilegea, wezi wa kweli nao wanaingia. Huyo mtu atashikwa na magonjwa haraka, lazima umchunge."

"Hiyo ya chapa haiko kwenye kitabu."

"Ya kitabu nimekupa kwanza. Hiyo ni nyongeza, vile muuza maziwa anavyoongeza kidogo juu ya kipimo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Niambie kitu kimoja, si cha mtihani. Pale kwa vagasi, ulisimama kwa nini? Nilidhani nimekupoteza."

"Pale pana baba mkwe, daktari."

Bedan hakuelewa mara moja. Alipoeleweshwa alitikisa kichwa. "Mimi mama mkwe wangu akija sokoni Meru, najificha nyuma ya magunia ya miraa. Nenda, mama. Nenda nyumbani."

Matokeo yalikuja kwa simu, asubuhi soko likiwa limejaa. Tiya alikuwa akimsaidia Qabale kupakia mitungi. Akasoma ujumbe, akausoma tena, akampa Kowsar, ambaye alikuwa amepita hapo akijifanya ananunua maziwa. Kowsar alipiga kelele mpaka punda mmoja akakata kamba.

"Amepita! Tena amewapita wote waliorudia! Amempita hata Abdiladif!"

Qabale alikaa pale pale kwenye kigoda chake. "Mimi simu sisikii," akasema. "Niambiwe na mdomo."

"Nimepita, Ayyo. Naendelea mbele."

"Sema tena, hawa wa maziwa ya mbuzi hawakusikia."

"Nimepita!"

Ndipo Qabale akasimama, akajishika kiuno, akapiga kigelegele kilichowatoa watu madukani. Wanawake wa maziwa wakakipokea, kikapita kutoka meza hadi meza mpaka upande wa mbuzi, ambako Umuro alikuwa akipakia lori. Umuro akasikia kinachosemwa. Akaacha mbuzi, akaingia kwenye lori, akapiga honi ndefu isiyo na mwisho, na kwa mara ya kwanza mabega yake yakabaki juu.

"Nani alicheka huyu mwanamke alipovaa makubazi kwenda shule?" Qabale akauliza soko zima. "Ajitokeze. Leo simpigi, nataka kumwona tu."

Hakuna aliyejitokeza. Waliojitokeza walikuwa wengine. Mama mmoja wa nyanya alikuwa ameshapiga foleni mbele ya Tiya, akishika kiuno, akisema mafigo yake yanauma tangu Ramadhani. Nyuma yake mzee ametoa ulimi nje atazamwe. Nyuma ya mzee, wengine.

"Njooni kliniki kesho, niko na walimu wangu huko," Tiya akawaambia, akijifunga mtandio vizuri. "Leo simtazami mtu. Leo mama mkwe wangu anachinja."

"Nani amesema nachinja?" akasema Qabale, lakini tayari alikuwa anaelekea upande wa mbuzi, anachagua.